Sarafu yenye kosa la kiwanda: kabla ya kulipia cheti, Lubumbashi ifanye hesabu

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, kuanzia Kamalondo na Kenya hadi Katuba na Ruashi, kuna kopo la zamani la maziwa ya unga ambalo hakuna anayethubutu kulitupa. Ndani yake kuna vifungo, funguo zisizo na kufuli, na sarafu. Kuna zile zenye tundu katikati za wakati wa Wabelgiji. Kuna zile za 1961 zenye ndizi upande mmoja na msalaba wa Katanga upande wa pili. Kuna makuta zenye sura ya Mobutu. Kwa miaka mingi watoto walizichezea, na wazee walizitazama, wakacheka na kuzirudisha mahali pake.

Siku hizi makopo hayo yanafunguliwa upya. Simu ndiyo iliyoyafungua. Video na ujumbe unaopita kutoka kundi moja hadi lingine vinaonyesha sarafu iliyofungwa ndani ya kasha la plastiki, ina namba na cheti, na msemaji anatangaza kwamba imeuzwa kwa maelfu ya dola kwa sababu kiwanda kiliikosea: herufi moja imejirudia, mstari mdogo unapita juu ya sura, au picha imesogea pembeni. Mtu anayetazama anachukua sarafu ya nkambo wake, anaiweka karibu na taa, na kweli anaona mstari. Hapo swali linazaliwa: je, atafute dola za kuituma Ulaya au Marekani ikapimwe na kupewa cheti?

Kwa sehemu kubwa ya sarafu zilizo katika makopo ya Lubumbashi, jibu ni hapana. Kwa chache ni ndiyo. Tofauti kati ya hizo mbili inaweza kujulikana hapa hapa mjini, kwa mizani, kwa kioo cha kukuzia na kwa hesabu ya karatasi, kabla ya mtu kutoa hata franka moja.

Feza iliyokufa zaidi ya mara moja

Kwanza lazima kueleza kwa nini ahadi hii inaingia moyoni haraka hivi. Mkongomani ameona feza ikifa mikononi mwake. Zaire ilianza mwaka 1967 ikiwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Iligawanyika katika makuta 100, na mpaka leo mtu wa Lubumbashi akisema hana makuta, anamaanisha hana feza kabisa. Mwishoni mwa 1979 serikali ilifuta noti za zaire 5 na 10, na waliokuwa wameziweka nyumbani walipewa siku chache tu za kuzibadilisha. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka, moja kwa zaire mpya laki moja. Ukizidisha, franka moja ya 1998 ililingana na zaire za zamani bilioni 300.

Katika safari hiyo, sarafu zilipotea kabisa sokoni. Kijana aliyezaliwa Lubumbashi baada ya 1998 amelipa kila kitu kwa noti, kwa dola au kwa simu. Kama amewahi kulipa kwa sarafu, huenda ilikuwa ng'ambo ya Kasumbalesa, upande wa Zambia. Kwa hiyo anapoambiwa kwamba kipande kile cha chuma cha nkambo, ambacho hakuna kambisti anayekipokea, sasa kina thamani ya nyumba nzima, anasikia zaidi ya habari ya biashara. Anasikia kwamba kile kilichochukuliwa kwa familia kinarudishwa. Tamaa hiyo haina aibu. Lakini ndiyo inayomfanya mtu alipe kabla ya kuuliza.

Kosa huzaliwa wapi

Sarafu hutengenezwa kwa hatua tatu. Bamba la madini hukatwa visahani vya mviringo. Kila kisahani huwekwa kati ya chapa mbili za chuma kigumu, ya juu na ya chini, ndani ya pete inayokizuia kutanuka. Kisha mashine hupiga mara moja kwa nguvu kubwa, na picha za pande zote mbili hutokea pamoja.

Kosa laweza kuingia katika kila hatua. Bamba likisogea vibaya, kisahani hukatwa kikiwa na pengo kama kilichoumwa na meno. Kisahani kisipokaa vizuri, picha hupigwa pembeni na nusu ya sarafu hubaki tupu. Kisahani cha sarafu nyingine kikiingia kwa bahati mbaya, hutokea sarafu ya madini yasiyo yake. Chapa yenyewe ikitengenezwa na maandishi yaliyojirudia, kila sarafu inayotoka kwake hurithi maandishi hayo. Ndivyo ilivyotokea kwa senti moja ya Marekani ya 1955, ambayo mpaka leo hutafutwa sana kwa sababu tarehe yake inaonekana mara mbili hata bila kioo.

Hayo ndiyo makosa makubwa. Upande wa pili kuna yale madogo, na ndiyo yanayojaa katika makopo. Chapa inapozeeka huanza kupasuka, na ufa wake huacha mstari mwembamba juu ya sarafu. Kipande kidogo cha chapa kikivunjika, huacha kinundu. Mafuta na vumbi vikijaa ndani ya herufi ya chapa, herufi hiyo hutoka hafifu au haitoki kabisa. Chapa ikitikisika kidogo wakati wa kupiga, huacha kivuli bapa pembeni mwa maandishi, ambacho macho yasiyozoea hukiita maandishi mawili. Kwa sarafu zilizopigwa kwa mamilioni, mambo haya ni ya kawaida kama nguo ya kiwandani kutoka na uzi uliolegea.

Kampuni kubwa za kupima sarafu zinalijua hilo. PCGS ya California ilianza kazi mwaka 1986, na NGC ya Florida ilifuata mwaka 1987. Zote mbili hutumia kipimo cha 1 hadi 70 kilichotokana na kazi ya Mmarekani William Sheldon, aliyekipendekeza mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake. Kampuni hizo huchunguza kama sarafu ni ya kweli, huipa daraja, kisha huifunga ndani ya kasha. Lakini si kila kasoro inaandikwa kwenye cheti kuwa kosa la kiwanda. Ufa mdogo, kinundu kidogo na kivuli cha mtikisiko mara nyingi huachwa bila kutajwa. Mtu hulipa ada yote, na sarafu hurudi ikiwa na cheti cha sarafu ya kawaida.

Kosa la kiwanda na jeraha la njiani

Kuna sarafu nyingine ambazo hazina kosa lolote. Zimejeruhiwa tu. Hili ndilo jambo linalowapotosha watu wengi zaidi, na mji wa migodi na reli una njia nyingi za kujeruhi sarafu.

Sarafu za franka moja na za senti 50 za miaka ya 1950, zile zenye mti wa mchikichi, ni za aluminiamu. Aluminiamu ni laini. Jino, msumari au mlango unatosha kuipinda. Franka 10 ya mwaka 1965 yenye kichwa cha simba ni ya aluminiamu pia. Sarafu iliyolazwa juu ya reli hutoka bapa na pana. Iliyotumiwa chini ya bolti huwa na duara lililochimbika. Iliyopita kwenye moto hubadilika rangi. Iliyoguswa na asidi huwa nyembamba, na herufi zake huliwa. Zile za senti zenye tundu zilivaliwa shingoni kwa kamba miaka na miaka, na kamba ikala ukingo wa tundu mpaka likaonekana limesogea.

Tofauti hujulikana kwa kuangalia madini yenyewe. Katika kosa la kweli, madini yametiririka wakati wa kupigwa, na picha iliyobaki ni kamili na safi mpaka mahali ilipokatikia. Katika jeraha, picha ilikuwa kamili kwanza, kisha ikapondwa, ikakwaruzwa au ikalika. Kwenye sarafu ya tundu, tundu lililotobolewa kiwandani mahali pasipo pake litakuwa na ukingo safi, na upande wa pili wa tundu utaonyesha sehemu ya picha isiyotakiwa kukatwa. Tundu lililolika kwa kamba litakuwa laini upande mmoja na gumu upande mwingine.

Kuna pia kisichokuwa kosa wala jeraha. Sarafu za Uingereza ukizigeuza kama ukurasa wa kitabu, picha ya nyuma husimama wima. Za Marekani lazima uzigeuze kutoka juu kwenda chini. Ni desturi mbili za viwanda. Aliyezoea moja akikutana na nyingine hudhani amepata sarafu iliyopigwa kichwa chini.

Na kuna dhambi moja ambayo haina msamaha: kusafisha. Majivu, ndimu, dawa ya meno na sabuni ya mchanga huing'arisha sarafu na kuiua kwa wakati mmoja. Mkusanyaji analipia ngozi ya asili ya sarafu, hata kama imekuwa nyeusi. Iliyosuguliwa hupewa cheti kinachosema imesafishwa, na bei yake huanguka. Familia inayotaka kujua thamani ya kopo lake ianze kwa kutofanya kitu chochote juu ya sarafu hizo.

Hesabu ya karatasi moja

Sasa gharama. Hakuna ofisi ya kampuni hizo Lubumbashi. Sarafu lazima iende Ulaya au Marekani, na lazima irudi. Ada ya kupima sarafu moja huanzia makumi ya dola. Kuandikiwa kosa la kiwanda hulipiwa juu ya ada hiyo ya kawaida. Anayetuma mwenyewe huombwa pia uanachama wenye malipo yake. Kampuni nyingi za usafirishaji zina masharti makali juu ya sarafu na dhahabu, na bima ni jambo la kuuliza kwa makini kabla ya kufunga kifurushi.

Chukua hesabu ya mfano, kwa namba rahisi zinazosaidia kufikiri. Mama mmoja wa Katuba ana franka 5 ya Katanga ya 1961, ya shaba nyeusi, yenye ufa mdogo wa chapa juu ya ndizi. Ada ya kupima iwe dola 30, nyongeza ya kosa 20, kutuma 80, kurudisha na bima 60. Jumla ni dola 190. Sarafu hiyo bila cheti iwe ya dola 15. Ikipata cheti, na bahati ikiwa nzuri, iwe ya dola 40. Mama ametoa 190 ili kuongeza 25. Kwa feza hiyo angelipa karo ya shule na kubaki na sarafu yake.

Mtu atasema: wakusanye sarafu kumi kwa kifurushi kimoja. Ni wazo zuri, na linapunguza. Dola 140 za njia zikigawanywa kwa kumi ni 14 kwa kila moja. Ukiongeza 50 za ada, kila sarafu imegharimu 64. Bado ni zaidi ya faida ya 25. Kosa dogo haliokolewi na wingi.

Geuza mfano. Sarafu iwe na thamani ya dola 150 bila cheti na 400 ikiwa na cheti. Faida ni 250, gharama ni 190, zinabaki 60. Lakini mnada nao hukata asilimia yake, na miezi hupita kabla ya feza kufika. Hata hapo nafasi ni nyembamba. Kanuni ya busara basi ni hii: kama ongezeko la bei linalotarajiwa halifiki angalau mara mbili ya gharama zote, sarafu ikae kopo.

Na bei inayotarajiwa itoke wapi? Isitoke kwenye tangazo. Mtu yeyote anaweza kuandika kwamba anauza kitu kwa dola 10,000. Bei ya kweli ni ile ambayo mnunuzi alikwisha kulipa katika mnada uliofungwa. Mfano mzuri uko Uingereza. Mwaka 2008 kiwanda cha sarafu cha nchi hiyo kilichanganya chapa mbili za peni 20, moja ya muundo wa zamani na moja ya muundo mpya, na sarafu zikatoka bila mwaka upande wowote. Lilikuwa kosa la kweli, lililokubaliwa na kiwanda chenyewe, na idadi yake ilikadiriwa kati ya 50,000 na 200,000. Matangazo ya maelfu ya pauni yakajaa. Bei iliyotulia ilikuwa makumi ya pauni. Ikiwa kosa kubwa hivyo, la sarafu inayojulikana na kila Mwingereza, lilitulia hapo, ufa wa unywele juu ya sarafu ya likuta moja utatulia wapi?

Bei hutokana na watu wanaogombania kitu. Wakusanyaji wa makosa ya sarafu za Marekani ni wengi mno. Wanaokusanya makosa ya sarafu za Kongo ni wachache, na mara nyingi wanataka kosa linaloonekana ukiwa umenyoosha mkono.

Zinazostahili kuangaliwa mara mbili

Haya yote hayana maana kwamba makopo ya Lubumbashi ni takataka. Historia ya feza ya Kongo ni tajiri kuliko video za simu zinavyojua.

Sarafu za fedha za Dola Huru la Kongo, zilizoanza mwaka 1887 chini ya Leopold wa Pili, zikiwa katika hali nzuri hutafutwa hata bila kosa lolote. Franka 50 ya fedha ya 1944 yenye tembo ilipigwa Pretoria wakati wa vita, kwa kuwa Ubelgiji ulikuwa umekaliwa na Wajerumani. Franka 2 ya 1943, ile ya pembe sita yenye tembo, ilipigwa Philadelphia, Marekani. Ilipigwa kwa mamilioni, kwa hiyo kipande cha kawaida hakina bei kubwa. Lakini kiwanda hicho kilikuwa kikipiga sarafu za nchi mbalimbali wakati huo wa vita, na visahani vilikuwa vikihama kutoka kazi moja hadi nyingine. Mwaka 1944 kilitengeneza franka 2 za Ubelgiji kwa visahani vya chuma vilivyobaki kutoka senti za Marekani za 1943. Franka 2 ya pembe sita ambayo uzito wake au rangi yake haifanani kabisa na wenzake ni sarafu ya kutiliwa maanani. Hapo hatuzungumzii tena ufa mdogo.

Kisha kuna Katanga. Nchi iliyotangazwa na Moïse Tshombe tarehe 11 Julai 1960 na kumalizika Januari 1963 ilitoa sarafu mwaka 1961: franka 1 na franka 5 za shaba, na franka 5 ya dhahabu yenye picha ile ile. Ya dhahabu ilitengenezwa vipande 20,000. Ina uzito wa gramu 13.33, na sehemu 9 kwa 10 ni dhahabu halisi. Ya shaba, kwa ukubwa ule ule, haifiki gramu 7. Kwa hiyo franka 5 ya shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu haiwezi kumdanganya mtu mwenye mizani, na Lubumbashi ni mji ambao wanunuzi wa madini wana mizani kila kona. Mtu asilipie safari ya ng'ambo kwa swali ambalo mizani ya hapa inalijibu kwa dakika moja.

Kwa ile ya dhahabu, cheti kina maana, kwa sababu tatu. Bei yake ni kubwa kuliko gharama, waigaji wana hamu nayo, na mnunuzi wa mbali anataka uhakika. Lakini hapo kuna onyo lingine. Dhahabu haivuki mpaka bila karatasi. Anayeiweka mfukoni na kupanda gari kwenda Kasumbalesa anaweza kupoteza sarafu na uhuru wake siku moja. Na misalaba ya shaba, ile feza ya kale ya Katanga iliyotumika karne nyingi kabla ya Mbelgiji kufika, ni urithi. Nchi ina sheria ya kulinda mali za utamaduni tangu 1971. Haifai kuchanganywa na biashara ya makasha.

Wanaotetea cheti wana hoja

Kuna hoja moja nzito upande wa pili, na haifai kupuuzwa. Muuzaji wa Lubumbashi yuko mbali. Mnunuzi wa Brussels au New York hamjui, hawezi kuishika sarafu, na amesikia habari nyingi za bandia. Kasha lililofungwa lenye namba inayoweza kuhakikishwa humsemea muuzaji mahali ambapo neno lake halisikiki. Bila cheti, mtu wa kati hununua kwa dola 20 hapa na kuuza kwa 200 kule, na tofauti yote inabaki kwake.

Ni kweli. Mji uliozoea kuona shaba yake ikiondoka kwa bei ya mtu mwingine unaijua hadithi hiyo vizuri. Lakini hoja hii inatetea cheti kwa sarafu yenye bei, na haigeuzi kosa dogo kuwa kubwa. Zaidi ya hayo, ulinzi wa kwanza dhidi ya mtu wa kati ni kujua unachoshika. Picha mbili safi za pande zote, uzito wa gramu na kipimo cha upana vinatosha kumwuliza mwuza sarafu zaidi ya mmoja kabla ya kuuza. Wakitoa majibu yanayokaribiana, mtu amekwisha kujua bei yake bila kulipa ada.

Hatari iliyo kubwa kuliko ufa

Jambo linalotakiwa kuwaamsha wakaaji ni lingine. Popote pale hamu ya sarafu za zamani inapopanda, matapeli hufuata. Mwezi Agosti 2021 Benki Kuu ya India ililazimika kuonya raia wake hadharani, kwa kuwa watu walikuwa wanatumia jina lake na alama zake kuwadai ada na kodi wale waliotaka kuuza noti na sarafu za zamani. Benki hiyo ilisema haihusiki na biashara kama hiyo na haijampa yeyote ruhusa ya kudai malipo.

Mtindo wake ni rahisi, na unaweza kufanya kazi Lubumbashi vizuri kabisa. Mtu hutuma ujumbe: sarafu yako ni ya dola 8,000, mnunuzi yuko tayari, inahitajika tu dola 60 ya cheti kupitia simu. Ukilipa, huja ada ya forodha. Ukilipa tena, huja kodi. Sarafu haitoki kopo hata siku moja, na dola zimetoka. Ishara ni moja: mnunuzi wa kweli hutoa feza, haombi. Kampuni ya kupima huandikiwa kwa anwani yake yenyewe, na haina wakala anayedai malipo kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Hapa ndipo viongozi wa mji na wasomi wake wanaweza kufanya kitu kisichohitaji bajeti kubwa. Lubumbashi ina Makumbusho ya Kitaifa. Ina Chuo Kikuu chenye wanahistoria. Siku moja kwa mwezi, meza moja, mizani moja, kioo kimoja na mtu mwenye ujuzi vingetosha kumwambia mama wa Katuba: hii ni ufa mdogo, itunze, hii imepondwa na reli, hii, usiuze kabla ya kuuliza tena. Pamoja na hayo, sarafu na historia ya familia iliyozileta vingeandikwa katika daftari. Feza ya mwisho iliyopigwa kwa jina la Katanga isingebaki kujulikana kupitia minada ya ng'ambo peke yake.

Mpaka meza hiyo ipatikane, kila familia ina kazi tatu za kufanya bila kulipa. Isisafishe sarafu. Ipime uzito na kuipiga picha. Itafute bei iliyolipwa kweli, iilinganishe na gharama zote, kisha iamue. Ikiwa hesabu haikubali, sarafu ya nkambo irudi kopo bila majuto. Haijapoteza kitu. Ilikuwa na thamani ya franka 5 siku alipoipokea, na jina lake bado linatajwa kila inapotolewa.